Kutembea kwa miguu kutoka mji mdogo mpaka mji wa jirani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Miji midogo miwili ikiwa jirani watu wengi wanajua barabara ya magari tu, lakini karibu kila sehemu ya namna hiyo kuna njia ya miguu pia, inapita mashambani, inashuka bondeni, inavuka kijito, inapanda na kutokea upande wa pili, na mara nyingi ni fupi kuliko barabara kwa sababu gari linakizunguka kilima na mtu wa miguu anakikata. Hizi njia nazipenda sana na nataka watu wazitumie, ndo maana naandika kila ninachokijua kuhusu kuzitembea salama bila kupotea.

Kabla ya hatua zenyewe kuna kitu kimoja, na ukisahau mengine yote hiki kibaki. Njia ya miguu haikupotezi katikati, inakupoteza mwanzoni na mwishoni. Huko katikati vijia ni vichache, labda kimoja au viwili, watu wote wanaovuka wanapita hapo hapo na njia inaonekana. Ila kilomita ya kwanza ukitoka mjini na ile ya mwisho ukikaribia mji wa pili vijia vinakuwa vingi balaa, hiki kinaenda kwa mtu nyumbani, hiki kisimani, hiki shambani, hiki shuleni, na vyote vimekanyagwa sawa sawa. Kwa hiyo maandalizi yako makubwa yaelekeze kwenye hizo kilomita mbili.

Hatua ya 1: Amua unaanzia mji upi

Wengi wanaanzia pale walipo alafu wakishafika ndo wanaanza kuwaza watarudije. Mimi naona bora ufanye kinyume, asubuhi mapema panda gari uende ule mji wa mbali kisha utembee kurudi kwako. Ukichelewa njiani huna presha ya gari la mwisho, na kadiri unavyochoka ndivyo unavyoingia maeneo unayoyajua. Kama hukai kwenye mji wowote kati ya hiyo miwili basi malizia kwenye ule wenye usafiri mwingi jioni.

Angalia na mwinuko. Kama njia ina kilima kikubwa, jipange kilima kiangukie asubuhi kukiwa bado na ubaridi. Na jua pia, ukitembea kuelekea mashariki asubuhi linakupiga machoni mwendo wote na njia huioni vizuri, ukielekea magharibi linakuwa mgongoni. Sio kitu cha kufuta safari lakini kama una uhuru wa kuchagua, chagua.

Hatua ya 2: Pata mchoro wa njia

Sehemu nzuri ya kuanzia ni OpenStreetMap, ramani iliyoanza 2004 na inachorwa na watu wa kawaida wanaojitolea dunia nzima. Programu kama Organic Maps na OsmAnd zinaitumia, unashusha eneo lako ukiwa na intaneti alafu ukiwa porini inafanya kazi bila bando. Njia za miguu kule zinachorwa kwa mistari ya vidoti au ya kukatika katika. Ila kwa kuwa inachorwa na watu wa kujitolea, sehemu ambayo hajapita mtu wa kuchora haina njia kwenye ramani ingawa chini ipo, na kuna njia iko kwenye ramani lakini chini ilishalimwa zamani. Usiiamini peke yake.

Pili fungua picha za satelaiti. Njia ya miguu inayotumika inaonekana kama uzi mweupe mwembamba kwenye majani au kwenye udongo mwekundu. Ifuate pole pole kwa kidole kutoka mji mmoja mpaka mwingine, ikiingia chini ya miti iache alafu itafute inapotokea ng'ambo. Kumbuka hizo picha zinaweza kuwa za miaka kadhaa nyuma, nyumba mpya au uzio mpya hutauona.

Tatu, ukiweza kupata ramani ya karatasi ya serikali ya eneo hilo, ichukue. Ya skeli ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita 1, ya 1:25,000 sentimita 4 ni kilomita 1. Ile mistari ya kontua, yaani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, ndo inakuambia ukweli kuhusu vilima, ikisongamana ni mpando mkali, ikiachana ni tambarare. Tofauti ya mstari mmoja na mwingine, ambayo mara nyingi ni mita 20 kwa ramani za 1:50,000, imeandikwa pembeni, isome kabla hujaanza kuhesabu.

Kuna jambo la ruhusa pia. Nchi nyingine, mfano Uingereza, njia za miguu zinazoruhusiwa kwa umma zimechorwa kisheria kwenye ramani na hakuna wa kukuzuia, sehemu nyingine njia ipo kwa mazoea tu na inapita kwenye ardhi ya mtu. Ujue eneo lako liko upande gani kabla ya kwenda, hasa kama kuna mashamba makubwa, hifadhi, kambi au eneo la maji ya mji.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya muda

Mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo mpaka leo inatumika, na kwa vipimo vya sasa iko hivi: kila kilomita 5 ni saa 1, alafu kila mita 600 za kupanda ongeza saa 1. Yaani kila mita 100 za kupanda ni dakika 10. Mita za kupanda ni jumla ya mipando yote njiani, sio tofauti ya urefu wa miji miwili tu. Hapa wengi wanajidanganya, wanasema miji yote iko usawa mmoja kwa hiyo ni tambarare, kumbe katikati kuna mabonde matatu na kila bonde ukishuka lazima upande.

Sasa kilomita 5 kwa saa ni mwendo wa mtu mwenye mazoezi kwenye njia nzuri bila kusimama. Kwa mtu wa kawaida mwenye begi, kwenye vijia vya mawe na tope, mimi nahesabu kilomita 4. Chukua njia ya kilomita 12 yenye mita 300 za kupanda. Kilomita 12 gawanya kwa 4 ni saa 3, mita 300 ni nusu saa, jumla saa tatu na nusu. Weka mapumziko ya dakika 10 kila saa, unakaribia saa 4 na kidogo. Kama mko na watoto au mtu mzima wa umri, ongeza tena, kundi linatembea kwa mwendo wa yule wa polepole na ndivyo inavyotakiwa.

Kama umbali umeupima kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, ongeza angalau robo, kwa sababu njia ya miguu inajipinda na ramani ndogo haionyeshi kila kona.

Ukishapata hiyo jumla, irudishe nyuma kutoka muda wa jua kuzama, na hakikisha unafika ukiwa na saa 2 za mwanga mkononi. Karibu na ikweta jua likizama giza linaingia ndani ya nusu saa hivi, hamna ile jioni ndefu ya nchi za kaskazini. Na kuna kile kipimo cha kunyoosha mkono na kuhesabu vidole kati ya jua na upeo wa macho, kwamba kila kidole ni dakika 15. Kipimo hicho kinawafaa walio mbali na ikweta ambako jua linazama kwa kulala. Karibu na ikweta linashuka wima, kwa saa moja linatembea digrii 15 na kidole kimoja ni kama digrii 2, kwa hiyo kidole ni dakika 8 tu. Ukihesabu 15 utajikuta gizani ukidhani bado una nusu ya safari ya mwanga.

Hatua ya 4: Uliza watu, ila uliza vizuri

Hii ndo hatua yenye faida kuliko zote na ndo inafanywa vibaya kuliko zote. Ukimuonyesha mtu kijia ukamuuliza "hii inaenda mji fulani?" atakujibu ndio. Atakujibu ndio kwa sababu kweli mwisho wa mwisho inaenda, au kwa sababu hataki kukuvunja moyo, au kwa sababu hajakusikia vizuri. Swali la ndio na hapana kwenye njia panda halina maana. Simama, salimia kwanza kama inavyotakiwa, alafu uliza hivi: "nataka kwenda mji fulani kwa miguu, wewe ungepita wapi?" Muache anyooshe mkono mwenyewe bila wewe kumuelekeza.

Pili, uliza mtu anayetembea. Dereva atakupeleka barabarani kwa sababu ndiyo anayoijua. Wachungaji, wakulima wanaorudi shamba, watu waliobeba mizigo ya sokoni, hao wanajua njia ya leo ikoje, daraja lipo au limechukuliwa na maji, wapi pana tope, wapi pana mbwa wakali.

Tatu, usiulize ni kilomita ngapi. Uliza kwa miguu mtu anatumia muda gani, na ukiambiwa "hapo tu" au "sio mbali" uliza tena ukitoka saa fulani unafika saa ngapi. Alafu jibu lolote ulilopewa lizidishe kidogo maana yeye ameizoea njia na wewe hujaizoea.

Nne, omba alama ambazo haziwezi kuhama. Mti mkubwa peke yake, daraja, mnara wa simu, laini ya umeme, jengo la ibada, tanki la maji. "Kata kushoto pale palipo na ng'ombe" haikusaidii. Na ukiuliza watu wawili mbali mbali wakakupa jibu moja, hiyo njia iamini kuliko ramani yoyote.

Hatua ya 5: Andika njia panda zako

Chukua karatasi, kweli karatasi, andika orodha ya njia panda kwa mpangilio, na kwenye kila moja weka vitu vitatu: unaijuaje, unakata wapi, na ukipitiliza utaona nini. Mfano "baada ya daraja la magogo, kulia kupanda, nikifika kwenye reli nimepitiliza." Hicho cha tatu wengi hawaandiki na ndicho kinachookoa. Kitu kirefu kinachokatisha mbele yako kama mto, reli, barabara au laini ya umeme ni kama ukuta, ukikigusa unajua umepita, unarudi kabla hujaenda kilomita tatu zaidi.

Orodha yenyewe haizidi mistari kumi. Kilomita ya kwanza itakula mistari minne, ya mwisho minne, katikati miwili. Piga picha hiyo karatasi na skrinishoti za ramani ili simu ikiwa na chaji una kopi, simu ikizima una karatasi.

Hatua ya 6: Miguu na begi

Viatu viwe vilivyokwishazoea miguu yako. Kiatu kipya siku ya safari ni malengelenge ya uhakika hata kiwe cha bei gani. Raba nzuri yenye soli ya meno inatosha kwa njia nyingi, buti sio lazima. Soksi ndo watu wanazidharau, za pamba zikilowa jasho zinakaa na maji na kusugua, vaa za sufu au za nailoni, na beba jozi ya pili kavu. Ukihisi sehemu ya mguu inaanza kupata moto, simama hapo hapo, usisubiri njia panda wala kivuli. Vua kiatu, toa mchanga, kausha ngozi, bandika plasta pana laini bila mkunjo, vaa soksi kavu. Ni dakika tano. Lengelenge likishajaa maji hamna dawa ya haraka, utachechemea mpaka mwisho na ukichechemea goti la upande wa pili linaanza kulalamika.

Maji hesabu nusu lita kwa kila saa ya kutembea, kukiwa na joto kali ongeza. Kwa ile njia ya saa 4 ni lita 2, na lita 2 ni kilo 2 mgongoni, usiogope uzito huo, unapungua kila unavyokunywa. Beba kitu cha kula chenye chumvi chumvi na kitu cha nguvu, sio vitamu peke yake.

Vingine ni vichache: koti jepesi la mvua, kofia, tochi hata kama unatarajia kufika mchana, filimbi, plasta na bendeji, pesa kidogo za noti ndogo, na simu iliyojaa chaji pamoja na pawabenki. Suruali ndefu ni bora kuliko kaptura, majani yanakata, kupe wanadandia kwenye majani marefu, na mguu uliofunikwa unapona mengi.

Kuhusu simu, GPS haitumii bando wala mtandao, inapokea mawimbi ya satelaiti tu. Kwa hiyo weka flaiti modi, simu iache kuhangaika kutafuta mnara, chaji inadumu na bado programu ya ramani inakuonyesha ulipo. Ukiiwasha bila mtandao inaweza kuchukua dakika chache kukupata mara ya kwanza, isubirie sehemu ya wazi.

Alafu mwambie mtu mmoja anayeaminika unapita wapi, umeanza saa ngapi, utafika saa ngapi, na saa ngapi akikukosa aanze kutafuta msaada. Usimwambie tu "nitakupigia", mpe saa kamili.

Hatua ya 7: Kutoka mjini

Hapa tembea polepole kuliko unavyotaka. Una nguvu, asubuhi nzuri, mguu unataka kukimbia, na ndipo unapozipita njia panda zako mbili za kwanza bila kuziona. Shika karatasi mkononi. Kila njia panda simama, soma mstari, hakikisha alama, kata, alafu geuka nyuma uangalie inavyoonekana kutokea upande huu, maana kama itabidi urudi utaikuta sura hiyo na sio ile ya kwanza.

Kabla ya kuiacha nyumba ya mwisho uliza mara moja zaidi. Pia angalia kivuli chako, asubuhi kivuli kinaangukia upande wa magharibi. Kama mji wa pili uko kaskazini basi kivuli kinatakiwa kiwe mkono wako wa kushoto. Hiki ni kipimo cha bure, na kama baada ya nusu saa kivuli kimehamia mbele yako bila wewe kukusudia, ujue njia imekugeuza.

Hatua ya 8: Katikati ya njia

Sehemu hii ndo utamu wenyewe, na ndipo panapotakiwa macho ya kusoma ardhi. Swali linalokuja mara nyingi ni hili, kijia kimegawanyika mara mbili, karatasi haina kitu, ramani haina kitu, kipi ni cha watu na kipi ni cha ng'ombe? Inama uangalie chini kwa karibu. Njia ya watu imekanyagwa ikawa ngumu katikati, udongo umeshindiliwa mpaka unang'aa kidogo, upana wake ni wa mtu mmoja au wawili na unabaki hivyo hivyo kwa mbali. Utaona alama za soli zikienda na nyingine zikirudi, utaona mchirizi wa tairi la baiskeli, utaona karatasi ya pipi au kizibo cha chupa. Njia ya ng'ombe inajigawa mara tatu nne sambamba, udongo wake umepondwa pondwa na kwato, samadi ipo njia nzima, matawi ya juu hayajakatwa yanakupiga usoni kwa sababu ng'ombe ni mfupi kuliko wewe, na inatanga tanga kufuata majani. Njia ya mtu inaenda kwake. Hata ikipinda ina sababu, inakwepa jiwe au inatafuta pa kuvukia.

Kwenye mashamba pita pembeni au juu ya tuta la mpaka, usikate katikati ya mazao hata kama unaona mwenzio amepita. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi, mwenye mifugo ana sababu zake. Ng'ombe wenye ndama wazungukie kwa mbali, usipite kati ya mama na mtoto. Mbwa akija akibweka usikimbie, simama, mgeukie kwa upande bila kumkazia macho, ongea kwa sauti ya chini, ondoka taratibu.

Nyoka wengi wanakukimbia wakisikia mtetemo, kwa hiyo kwenye majani kanyaga kwa kishindo, na gogo likilala njiani usiliruke, lipande juu uangalie upande wa pili ndo ushuke. Akitokea mtu ameumwa, mtulize, vua pete na viatu, mguu au mkono ulioumwa usichezeshwe, mumbebe mumpeleke hospitali haraka. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana damu, mambo hayo yanaongeza madhara.

Kwenye kijito, kama maji yanakwenda kasi na yamezidi magoti, usivuke. Hilo halina mjadala. Mto ukiwa umejaa tope na vijiti vinaelea ujue huko juu kumenyesha na maji yanaendelea kupanda, rudi au subiri. Kama ni salama kuvuka, tafuta sehemu pana, maji yanapotanda ndo kina kinapungua, pale pembamba panapovutia ndo pana kina na kasi. Vaa viatu, fungua mikanda ya begi ili ukianguka ulivue, shika fimbo, elekeza uso kule maji yanakotoka, na sogea kiupande upande mguu mmoja mmoja.

Radi nayo ina hesabu yake. Ukiona mwanga anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ikifika sekunde 30 au chini yake iko karibu ya kutosha kukufikia, shuka kutoka kileleni, achana na mti wa peke yake, ua wa waya na maji, na kaa sehemu ya chini mpaka zipite dakika 30 toka ngurumo ya mwisho. Mkiwa kundi achaneni nafasi.

Kila baada ya saa moja kaa chini dakika kumi, kunywa, vua viatu miguu ipate hewa, na linganisha mda uliopanga na uliotumia. Ukifika nusu ya mda wako bila kufika nusu ya njia, hapo ndo pa kuamua kurudi.

Hatua ya 9: Ukihisi umepotea

Dalili ya kwanza ni kijia kuanza kuwa chembamba taratibu, majani yanakigusa kutoka pande zote, alama za soli zimekata. Kijia kinachokwenda mji mwingine hakiishi hivi hivi. Simama. Usikate porini ukitafuta njia ya mkato kwenda kule unakodhani kuna mji, rudi ulikotoka mpaka sehemu ya mwisho ambayo ulikuwa na uhakika nayo kabisa. Inauma kurudi dakika ishirini, najua, lakini hizo dakika ishirini unajua zinaishia wapi.

Ukifika pale, washa simu, angalia doti yako kwenye ramani, sikiliza kama kuna sauti za watu, shoka, gari au jogoo. Laini ya umeme ikionekana karibu, kuifuata mara nyingi kunakufikisha kwenye nyumba, na njia yoyote inayozidi kuwa pana inaelekea kwa watu.

Kama kuna majeruhi au giza limekukuta, kaa sehemu moja. Filimbi mara sita kwa dakika moja, kisha nyamaza dakika moja, kisha rudia, hiyo ni ishara ya dharura inayojulikana kwa watu wa milimani. Namba 112 inatambuliwa na simu za GSM, yaani simu za kawaida za mkononi zenye laini, kama namba ya dharura na inaweza kupitia mtandao wowote uliopo hata kama laini yako haina mnara. Mahali ambapo kupiga kunakatika katika, meseji mara nyingi inapenya, tuma namba za lokesheni kutoka kwenye ramani kama zilivyo. Tarakimu tano baada ya nukta zinatosha kukuonyesha kwa mita kama moja hivi.

Hatua ya 10: Kuingia mji wa pili

Utauona mji kwa mbali kabla hujaufikia, bati zinang'aa, mnara umesimama, na hapo watu wengi wanakunja karatasi wanaiweka mfukoni. Itoe. Hizi ndo zile njia panda nne za mwisho, umechoka, jua linashuka, vijia vimeanza kumwagika kila upande na kila kimoja kinaonekana kinaenda kwenye zile bati. Kuna kinachoishia kwenye ua wa mtu, kuna kinachoishia kwenye bonde ambalo halina kivuko, mji unauona ng'ambo na huwezi kuufikia bila kurudi. Fuata kile chenye tairi za baiskeli na pikipiki, kwa sababu pikipiki lazima iwe na daraja. Na ukimkuta mtu anayerudi mjini na mzigo kichwani, salimia, omba kuongozana naye.

Ukifika, yule uliyempa saa mpigie kabla hujafanya chochote kingine, hata kama umewahi. Alafu ukiwa bado unakumbuka, geuza karatasi yako uandike upande wa pili njia panda zilivyokuwa kweli, ipi umeongeza, ipi haikuwepo, daraja lipi bovu, na mda uliotumia kati ya alama na alama. Ukichora njia hiyo kwenye OpenStreetMap kupitia simu yako, mtu wa baadaye atakuta mstari pale ambapo wewe ulikuta patupu.